Mikono ya kwenye ile picha haijakosewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwenu na naomba radhi mapema maana barua ni ndefu, nimejaribu kuifupisha imenishinda.

Jumapili iliyopita kwenye ukurasa wa sanaa mliweka makala kuhusu picha ya mchoraji wa Norway, Edvard Munch, ile inayoitwa Mtoto Mgonjwa. Kwanza asanteni, maana gazeti la Kiswahili kutoa nusu ukurasa kwa picha ya kuchorwa sio jambo la kila wiki na mimi nimefurahi sana kuiona. Nimeisoma makala mara tatu. Mara ya tatu nikaacha kazi, mimi ni fundi cherehani hapa Muheza, nikakaa tu naangalia ukuta. Mwandishi wenu kasema mambo ambayo siwezi kuyaacha yapite. Kasema yule mwanamke aliyeinamisha kichwa ni mama wa mtoto na anasali. Kasema mtoto kakata tamaa, anakitazama kifo. Halafu kasema mikono yao pale katikati ya picha haieleweki kwa sababu mchoraji alikuwa kijana wa miaka 22, hajakomaa, kazi ikamshinda akaiacha hivyo hivyo. Hapo kwenye mikono ndipo paliponiuma zaidi, nitapafikia.

Hiyo picha mimi nimeiona kwa macho yangu. Mwaka juzi mwezi wa kumi na moja nilienda Oslo kumtembelea binti yangu anayeishi kule, siku moja akaniambia mamdogo leo twende makumbusho ya taifa, ni jengo jipya limefunguliwa 2022 karibu na bandari. Mimi nilikubali kwa sababu nje kulikuwa na baridi na saa kumi jioni tayari giza, nikajua angalau tutakaa ndani. Tukazunguka mpaka chumba chenye picha za huyo Munch. Watu wamejaa mbele ya picha moja, ile maarufu inayoitwa Yowe, ya mtu kashika masikio mbingu nyekundu, kila mtu na simu juu. Nikashindwa kuiona vizuri, nikageuka, nikakutana na huyu mtoto. Mbele yake hapakuwa na mtu.

Ni picha karibu mraba, kama sentimita 120 kila upande, yaani ukiisimamia karibu inakujaa machoni. Mtoto wa kike kaegemea mto mkubwa mweupe, uso umegeuzwa upande, nywele nyekundu zimelowa jasho zimegandamana. Kafunikwa blanketi la kijani lililofifia. Pembeni yake mwanamke kavaa nguo nyeusi, kainama mpaka uso wake huuoni kabisa, unaona nywele tu na shingo. Upande mmoja kuna chupa, upande mwingine glasi. Kulia pazia zito jeusi. Na katikati kabisa ya picha mikono yao imekutana, na hapo rangi imekorogeka, huwezi kuhesabu vidole, huwezi kusema hapa mkono wa mtoto unaishia na wa mkubwa unaanzia.

Nilisimama pale mpaka miguu ikaanza kuuma. Binti yangu akadhani naumwa.

Sasa nianze na huyo anayeitwa mama. Yule sio mama yake. Mama yao, Laura, alikufa kwa kifua kikuu Desemba 1868, Edvard ana miaka mitano, dada yake Sophie ana sita, na wako watoto watano nyumbani. Aliyewalea ni mdogo wake marehemu, Karen Bjølstad, aliingia nyumba ile akakaa na watoto wa dada yake mpaka wakakua. Kwa lugha ya kule mara nyingi dada wa mama, dada wa baba, mke wa mjomba, wote wanaitwa kwa neno moja, kwa hiyo ukisoma maelezo yao unaweza usijue ni yupi. Ila sisi tuna neno lenyewe kamili. Yule ni mama mdogo. Na huyo Karen ndiye aliyemkalia Munch wakati anaichora hiyo picha.

Mwandishi anaweza kusema mama au mama mdogo kuna tofauti gani, si wote wanaumia. Tofauti ipo kubwa sana. Mama anamuuguza mtoto wake. Mama mdogo yule alishamzika dada yake kwa ugonjwa huu huu, anaujua huo ugonjwa ulivyo, anajua kikohozi kinaanzaje, anajua ile homa ya jioni, anajua mashavu yanavyopata rangi nzuri ya uongo siku chache kabla. Sophie alikufa 1877 na miaka 15, yaani miaka tisa baada ya mama yake, familia ileile ya watu walewale. Mtu anayeuguza kwa mara ya kwanza anaweza kuwa na matumaini, mtu anayeuguza kwa mara ya pili hana pa kuyatoa. Ndio maana kainama. Sisemi nimesoma mahali, nasema nimeuinama mwenyewe huo mgongo.

Dada yangu alikufa 1988 kwa TB. Mimi nina miaka 19, yeye 26, kaacha mtoto wa miaka minne. Huyo mtoto ndio huyo binti yangu wa Oslo, ndio maana ananiita mamdogo mpaka leo na mwenyewe ana watoto. Kwa hiyo mtu akiniambia yule mwanamke ni mama tu anasali, naona kama kuna mtu kafutwa kwenye familia.

Na hata hayo maombi siyaoni. Munch alijua kuchora mtu anayeomba. Kuna picha nyingine aliichora 1893, Kifo Katika Chumba cha Mgonjwa, humo kamuweka baba yao, daktari wa jeshi na mtu wa dini sana, amesimama kafumbata mikono kabisa anaomba. Angetaka mama mdogo awe anasali angemfumbatisha mikono vilevile. Hakufanya hivyo. Mikono ya mama mdogo imeshikwa, haina nafasi ya kufumbatwa.

Kuna jambo lingine kuhusu Karen nililielewa nikiwa kwenye ndege narudi, na tangu hapo halinitoki. Picha imechorwa 1885 mpaka 1886. Sophie kashakufa miaka minane nyuma. Mtoto aliyekaa pale kitini anaitwa Betzy Nielsen, msichana mwenye nywele nyekundu ambaye Munch alimuona alipoenda na baba yake kwa wagonjwa, kaka wa huyo mtoto kavunjika mguu na binti amekaa pembeni na huzuni yake. Munch akamuomba aje akae achorwe. Sasa fikirieni. Mtoto ni mwingine, mama mdogo ni yuleyule. Kaambiwa kaa hapa, inama kama ulivyoinama siku zile, shika mkono wa mtoto wa watu kana kwamba ni Sophie. Na akakaa. Mimi mtu angeniambia 1996 nikae tena pembeni ya kitanda kama kile nishike mkono wa mgeni sijui kama ningeweza, labda ningemfukuza, labda ningekaa nikainama nisiinuke. Kwa hiyo mnapouona ule mgongo mjue haukuigizwa. Yule mtoto alikaa kama mfano wa kuchorwa, ila yule mama alikuwa amekaa kweli.

Nije kwa mtoto. Mwandishi kasema kakata tamaa. Mimi naona kinyume chake kabisa na nitajaribu kueleza kwa nini. Angalieni kichwa. Kinamwelekea mama mdogo, macho yake yanapita juu kidogo ya nywele za yule mama kuelekea kwenye lile pazia. Binti yangu yeye alisema, mamdogo, mbona huyu mtoto hamwangalii, anaangalia kwenye giza. Tukabishana pale kwa sauti ya chini. Mimi nikamwambia mgonjwa hakutazami usoni ukiwa unalia, anakuonea huruma, anatazama juu ya kichwa chako ili usione aibu. Yeye akasema hapana, huyu anaaga. Hatujakubaliana mpaka leo na kwenye simu bado tunalirudia. Ila wote wawili tuliona kitu kimoja, kwamba kwenye chumba kile mwenye nguvu ni mgonjwa. Mtu mzima kavunjika, mtoto kaegemea mto wake uso umetulia, mdomo kama unataka kusema neno. Mwanga wote uko kwenye uso wake na ule mto nyuma yake.

Dada yangu alikuwa hivyo. Alilala kwenye kitanda cha kamba, mto wa sufi, huku kwetu Muheza sufi tulikuwa tunaokota wenyewe tunajaza mito, chini ya kitanda kopo la majivu la kutemea makohozi. Usiku akikohoa mimi naamka nakaa pembeni nalia. Yeye ndio ananishika mkono ananiambia nyamaza, lala, kesho una kazi. Anayekufa anambembeleza anayebaki. Hiki kitu watu waliouguza wanakijua ila hakisemwi, kwa sababu baadaye kwenye matanga inabidi ionekane wewe ndiye ulikuwa unamhudumia, na kweli ulimhudumia, ulimwosha ulimlisha uji, lakini kubembelezwa ulibembelezwa wewe.

Ndio maana nasema hiyo picha wanaoteseka ni wawili na mateso yao hayafanani, na mwandishi kampa mtoto mateso ya mama mdogo.

Haya, mikono.

Mwandishi wenu hayuko peke yake, na hilo nalitaja kwa heshima. Picha ilipooneshwa mara ya kwanza 1886 kwenye maonyesho ya vuli pale Kristiania, ndio Oslo ya sasa, Munch aliipa jina la Jaribio tu, na watu walisimama mbele yake wakacheka. Wakasema haijaisha, imechafuliwa, mikono haina umbo. Wakati ule wachoraji wa kule walikuwa wanachora wagonjwa vizuri sana, rafiki yake mkubwa Christian Krohg alishachora msichana mgonjwa miaka michache kabla, blanketi unaweza kulishika, ua mkononi unaweza kulinusa. Watu wakazoea hivyo. Halafu anakuja kijana analeta kitu kimekwanguliwa.

Na kweli kimekwanguliwa. Ukisogea karibu, kwa mtu wa kazi ya mikono kama mimi, unaona kabisa. Rangi imepakwa nene, ikakwaruzwa, ikapakwa tena, kuna mistari mirefu imechimbwa kwenye rangi, kuna mahali imechuruzika. Alikaa nayo karibu mwaka, anapaka anafuta anapaka. Sisi mafundi tuna kazi ya kufumua. Ukishona ukakosea unafumua, ila kitambaa hakisahau, vile vitundu vya sindano ya kwanza vinabaki, na ukifumua mara tatu nne sehemu ileile kitambaa kinakuwa laini kama ngozi ya mzee. Nilipoona ule ukuta wa nyuma na yale mashavu nilijua nakiangalia kitu kilichofumuliwa mara nyingi sana. Mtu aliyeshindwa hafumui mara nyingi namna ile. Anayefumua anajua hasa anachokitafuta.

Na alichokuwa anakitafuta alikuja kukiandika mwenyewe baadaye. Alisema alikuwa anahangaika kuupata tena ule mwonekano wa kwanza, ile ngozi nyeupe inayopitisha mwanga, ule mdomo unaotetemeka, ile mikono inayotetemeka. Mhariri, mikono inayotetemeka! Sasa mkono unaotetemeka utauchora vipi na vidole vitano vimenyooka kila kimoja na kucha yake? Ukiuchora vizuri umeusimamisha. Akaeleza pia kuwa aligundua kope zake mwenyewe zilikuwa zinaingia kwenye kile anachokiona, basi akazitia kama vivuli juu ya picha. Yaani unaiangalia ile picha kupitia kope za mtu. Nani anaona kope zake mwenyewe? Aliyefumba macho nusu. Aliyejaa machozi. Kwa hiyo katika ile picha kuna mtu wa tatu ambaye hajachorwa, kijana wa miaka 13 amesimama miguuni pa kitanda anamwangalia dada yake, na sisi tumesimama hapo hapo alipokuwa yeye.

Hii ndio wanayoiita ekspreshonizimu, na Munch anahesabiwa kati ya waliowafungulia njia wengine, wale wachoraji wa Kijerumani wa mji wa Dresden walioanza kikundi chao 1905 na wengine baadaye. Kwa maneno yangu ya kifundi, ni mtu anayeacha kuchora kitu kilivyokaa anachora kinavyouma. Munch mwenyewe alisema hachori anachokiona, anachora alichokiona. Kwa Kiswahili hapo panaweza kupita haraka, anachokiona, alichokiona, herufi chache tu zimebadilika, ila miaka minane yote ya kumkosa Sophie iko humo ndani.

Na kama bado kuna mtu anasema ni ujana na haraka, naomba alifikirie hili. Hiyo picha aliirudia. Ziko sita za rangi za mafuta, akaanza 1885, akachora nyingine 1896, mbili 1907, akarudi tena miaka ya 1920 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60, anajulikana Ulaya nzima, anaweza kuchora mkono wowote anaoutaka. Karibu miaka 40. Na bado ile mikono pale katikati hajaifafanua. Nguo zimebadilika rangi, mwanga umebadilika, mikono bado ni donge moja. Moja kati ya zile za 1907 ilikuwa kwenye makumbusho ya Dresden, Wanazi wakaitoa wakasema ni sanaa iliyooza, ikauzwa, Mnorway mmoja akainunua akaizawadia makumbusho ya Tate ya London 1939, iko huko mpaka leo. Hata hao waliiona ni kasoro.

Mimi naijua ile mikono. Usiku wa manane, taa ya kandili imepunguzwa, umeshikana na mgonjwa kwa saa nyingi, inafika mahali hujui joto lipi lako na lipi lake. Ukitaka kujigeuza unashtuka kwanza unatafuta vidole vyako viko wapi. Asubuhi ile dada yangu alipokata roho mimi sikujua mara moja, kwa sababu mkono wake bado ulikuwa na joto na lile joto lilikuwa langu. Mjomba ndiye aliyenitoa mkono. Kwa hiyo mtu akija akaniambia pale mchoraji alishindwa, nasema hapana, pale ndipo alipofika. Kwingine kote kwenye picha kuna mipaka, mto huu, pazia hili, glasi hii, pale tu hakuna mpaka.

Najua kuna mtu atasoma hii barua aseme huyu mama anatupa msiba wake kwenye picha ya Wazungu, picha haimhusu. Nimelifikiria sana hilo. Nadhani picha nzuri inakuruhusu uingie na vyako ila haikuruhusu ufanye unachotaka. Mimi mwanzo nilitaka kuona machozi kwenye uso wa mtoto, nikayatafuta, hayapo. Nilitaka yule mama mdogo ainue uso nimuone, hainuki. Na kuna mahali picha ilinikatalia kabisa, ni ile chupa. Nilipoiona chupa na glasi moyo ukaruka, nikasema dawa hiyo, atapona. Halafu binti yangu, yeye ni muuguzi, akanieleza taratibu pale pale. 1877 hakukuwa na dawa ya TB. Hata mdudu mwenyewe hajajulikana, daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kumgundua Machi 1882, na dawa ya kwanza ya kumuua, streptomycin, imekuja miaka ya 1940. Munch alikufa Januari 1944. Maisha yake yote hayakukutana na dawa ambayo ingemponya dada yake. Ile chupa pale imewekwa kwa sababu chumba cha mgonjwa lazima kiwe na chupa.

Hapo ndipo msiba wao na wetu ulipoachana njia, na niliumia upya. Kwetu 1988 dawa zilikuwepo. Sindano za kila siku miezi miwili halafu vidonge, watu walikuwa wanapona, jirani yetu alipona yuko hai mpaka leo anauza machungwa. Dada yangu alipewa dawa za kikohozi cha kawaida kwenye zahanati moja miezi mingi, hakuna aliyempima makohozi, mpaka anapelekwa hospitali kubwa kapungua hata kukaa hawezi. Kwa hiyo mama mdogo wa kwenye picha anainama kwa kuwa hakuna la kufanya. Mimi nainama kwa sababu lilikuwepo. Hayo ni mateso tofauti na nisingeyatofautisha kama nisingesimama mbele ya ile chupa.

Huku kwetu pia tumezoea kupima uchungu kwa sauti. Msibani anayelia sana, anayeanguka, anayeshikwa na watu watatu, ndio tunasema huyu ameumia. Aliyekaa kimya anakunja nguo za marehemu tunasema huyu ana moyo mgumu. Mimi nilisemwa. Sikulia kwenye mazishi, nilikuwa na mtoto mgongoni. Na nafikiri hata watu waliojazana mbele ya ile picha nyingine ya Munch wanaipendea hivyo, wanadhani yule mtu anapiga yowe, wakati Munch mwenyewe alieleza kuwa alikuwa anatembea na marafiki wawili jua linazama, mbingu ikawa kama damu, akasikia yowe limepita kwenye dunia nzima. Yule mtu kaziba masikio. Hata pale kwenye picha inayojulikana kuliko zote kwa kelele, mwenye mateso ni anayesikia.

Niiseme na ile ya 1893 kidogo, Kifo Katika Chumba cha Mgonjwa, kwa sababu inanisumbua kuliko zote. Sophie humo humuoni, kaketi kwenye kiti kilichotupa mgongo. Unaona familia tu, kila mmoja kasimama na huzuni yake hakuna anayemgusa mwenzake isipokuwa kwa bahati. Na Munch kawachora sio kwa umri waliokuwa nao Sophie anakufa, kawachora kwa umri wa siku anayochora, wakubwa, miaka 16 baadaye. Kuna watu wanaona ni ajabu. Mimi nikikumbuka ile asubuhi ya 1988 sijioni msichana wa miaka 19. Najiona hivi nilivyo, mvi, miwani ya kushonea shingoni, nimekaa pembeni ya kile kitanda cha kamba nimeshika mkono wa dada yangu ambaye sasa ni mdogo kuliko binti yake. Sikuwahi kumwambia mtu maana nilidhani ni akili yangu inachanganya. Halafu nakuta mtu wa Norway alishalichora.

Mhariri, simlaumu mwandishi wenu, naona ni kijana na anaipenda kazi yake. Ningependa tu aende akae mbele ya ile picha, na kama kwenda ni mbali basi amtafute mtu yeyote aliyewahi kumuuguza ndugu yake mpaka mwisho amuoneshe, amuulize hii mikono unaionaje, kabla hajaandika kwamba imekosewa.

Na nina ombi moja. Picha mliichapa ndogo kama stempu, tena nyeusi na nyeupe, zile nywele nyekundu zimekuwa kijivu na mikono imekuwa doa tu, kwa hiyo hata msomaji akitaka kumbishia mwandishi hawezi. Naomba muichape tena, ya rangi, ukurasa mzima kama mnavyofanya kwa timu zikichukua kombe. Nimeshapima nafasi juu ya cherehani yangu, inatosha.

Wenu msomaji wa kila Jumapili,
Fundi cherehani,
Muheza, Tanga.